Mfupa Ukishika Ulimi

Wananiletea mimi, kwa kuwa nauza nyama.
Ziwa likitulia asubuhi, mchanga wa Kaiso
una vitu ambavyo jana haukuwa navyo:
konokono waliogeuka mawe, vigae vya chuma chekundu,
na mifupa mizito, myeusi kama tako la chungu.
"Tuambie wewe, Araali, kisu chako kinajua maungo."

Kweli kinajua. Miaka ishirini na mitatu
nafungua magoti ya ng'ombe bila kutazama.
Ila mifupa hii haijawahi kuwa na bei.

Basi nawafundisha nilivyojifundisha.
Pima kwanza kwa kiganja: wa juzi ni mwepesi,
wa kale unakukalia mkononi kama mgeni asiyeaga.
Gonga kwa ukucha. Wa juzi hunong'ona,
wa kale hulia kigae.
Gusisha ncha yake kwenye kaa la moto.
Ukinuka nywele, mwenyewe bado yupo.
Usiponuka kitu, mwenyewe ameshasamehe.
Na mwisho, msicheke, ulambeni.
Mfupa wa kale hushika ulimi,
una kiu ya miaka nisiyoweza kuihesabu.

Ndivyo tulivyomjua kiboko
kwa gego lenye majani matatu yaliyochorwa na kutafuna;
na mamba, kwa jino tupu ndani kama kifuniko cha kalamu.
Watoto wa Jalobo waliokota pingili za samaki,
duara, zimebonyea pande zote mbili,
wakazichezea omweso mbegu zilipopungua.
Sangara wa kabla ya majina
akamla Kaahwa kete saba.

Mwalimu Byenkya nilibishana naye juu ya paja.
Yeye: tembo. Mimi: tembo gani mwenye goti hili?
Akaleta kitabu, nikaleta goti la fahali.
Hatujaafikiana hadi leo. Paja liko mlangoni,
kuku hulala juu yake.

Kisha akaja Kabasinguzi.
Yeye si mwokotaji.
Tangu mtumbwi wa mumewe urudi peke yake, mwezi wa nne,
hufuata ukingo wa maji kila alfajiri, macho chini,
wala sikuwahi kumuuliza anatafuta nini.
Alifungua kitambaa mezani, kando ya mizani.
Mfupa mfupi. Rangi ya uji uliopoa.

Nikaupima: haukunikalia.
Nikaugonga: ulinong'ona.
Kaa lilikuwapo, jekundu, chini ya birika.
Sikulisogeza.
"Lamba," akasema. "Si ndivyo unavyofanya?"

Nikaulamba mbele yake.
Ukateleza.
Haukuwa na kiu hata kidogo.

Ulimi ule ule ukasema: "Mbuzi."

Katika mwalo huu hakuna aliyewahi kulalamikia mizani yangu,
si Mgungu, si Mualuri, si Mkongo wa ng'ambo.
Na Kabasinguzi amefuga mbuzi tangu hajaota meno ya pili;
mara ngapi amenishikia miguu yao nikichinja.
Akanitazama muda wa nzi kutua na kuruka.
Akakunja kitambaa pembe kwa pembe,
kama mtu akunjavyo shuka karibu na mgonjwa
aliyepata usingizi baada ya siku nyingi.
"Mbuzi," akasema. "Sawa, Araali."

Alikuwa ameshafika barabarani aliporudi
kuniomba nimwazime jembe.

Lilirudi jioni, limeoshwa,
limeegemezwa mlangoni pamoja na lile paja,
na udongo kidogo tu uliobaki shingoni.